Simu ya Tatu, Tatizo Lile Lile

Simu mbovu kutoka kiwandani zipo, hata muuzaji akiapa kwamba hazipo. Lakini simu tatu mbovu mfululizo, zote mkononi mwa mtu mmoja na zote kwa tatizo lile lile, ni hesabu inayokataa. Tuseme katika kila simu 50 za toleo fulani, moja ina kasoro. Uwezekano wa kupewa mbovu mara mbili kwa bahati mbaya tu ni 1 kati ya 2,500. Mara tatu ni 1 kati ya 125,000. Kwa hiyo mtu anaporudi dukani mara ya tatu akisema simu inajizima, inaganda au inanyonya chaji, yamebaki mawili: ama simu zote alizopewa zina asili moja na kasoro moja, ama kuna kitu kinachohama kutoka simu ya zamani kuingia simu mpya kila anapobadilishiwa.

Mimi huanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo rahisi kulipima na ndilo watu hawalitafuti. Muuzaji anasema mteja hajui kutumia simu. Mteja anasema duka linauza feki. Wote wawili wanaikodolea macho simu, ambayo ndiyo kitu pekee kilichobadilika. Kama tatizo limebaki wakati simu imeondoka, pa kutafuta ni kwenye vile vilivyobaki.

Na vilivyobaki ni vingi. Laini ni ile ile. Memori kadi ile ile. Chaja na waya wake ni vile vile, maana kasha la simu mpya mara nyingi halifunguliwi zaidi ya kutoa simu yenyewe. Kava limehamishwa kwa kuwa toleo ni moja. Akaunti ya Google au ya Apple ni ile ile, na ndani yake kuna bekapu ya karibu kila kitu. Soketi ya chumbani, mnara wa mtaani na mfuko wa suruali havijabadilika. Simu mpya inawekwa katikati ya haya yote, halafu tunashangaa ikifanya kama mwenzake.

Bekapu inayorudisha tatizo

Nianze na bekapu, kwa sababu hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Watu wengi huamini kwamba simu ikifutwa kabisa au ikibadilishwa, kila kilichokuwa kibaya kimeondoka. Kisha dakika kumi baadaye wanaingiza akaunti, wanabonyeza "rejesha", na programu zote, mipangilio yote na picha ya mandhari ya kioo zinarudi zilivyokuwa. Simu ni mpya, lakini yaliyomo ndani yake ni ya zamani.

Je, vitu vya ndani peke yake vinaweza kuiangusha simu nzima? Vinaweza, na ushahidi upo. Mwishoni mwa Mei 2020 simu zenye Android 10, zikiwemo baadhi ya Samsung na Google Pixel, zilianza kufa kwa namna ya ajabu. Mtu anaweka picha moja nzuri ya ziwa na milima kama mandhari, simu inazima, inawaka, inafika kwenye nembo, inazima tena, bila kukoma. Picha ilikuwa imepigwa katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Haikuwa na kirusi chochote. Ilihifadhiwa kwa mpangilio wa rangi mpana kuliko ule ambao Android ya wakati huo iliutarajia, na sehemu ya mfumo inayochora kioo, ilipokuwa ikikokotoa mwangaza wa picha, ilipata namba iliyovuka kikomo chake cha 255, ikaanguka. Simu ilipowaka ilijaribu kuichora tena, ikaanguka tena. Fundi angeifungua simu hiyo asione kitu: betri nzima, bodi nzima, kioo kizima. Na mwenye simu angepewa nyingine ya toleo lile lile, akaitafuta picha yake aipendayo akaiweka, yangejirudia yale yale.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Machi 2021, programu zilianza kujifunga zenyewe kwenye simu za Android sehemu nyingi za dunia. Unafungua Gmail, inafunga. Unafungua programu ya benki, inafunga. Chanzo kilikuwa sasisho la Android System WebView, kipande cha mfumo kinachoziwezesha programu kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Watumiaji wengi hawajawahi hata kulisikia jina hilo. Google ilitoa sasisho la kurekebisha muda mfupi baadaye. Aliyekimbilia dukani siku ile akapewa simu mpya, na simu hiyo ikajisasisha yenyewe kwa intaneti, angekutana na tatizo alilolikimbia.

Hayo ni matukio makubwa yaliyofika kwenye habari. Ya kila siku ni madogo na hayatangazwi. Programu ya kibodi iliyopakuliwa kwa ajili ya herufi za urembo. Programu ya "kusafisha simu na kuongeza kasi", ambayo hukaa macho muda wote ikizifunga programu nyingine, nazo zikijifungua upya, na betri ikilipia mchezo huo. WhatsApp za kuchonga, zile zisizo rasmi, ambazo mtu hujitumia mwenyewe kutoka simu ya zamani kwenda mpya. Kila moja inahama pamoja na mwenye nayo.

Kuna pia suala la nafasi. Simu ya GB 32 haikupi GB 32, kwa sababu mfumo wenyewe na programu za kiwandani vimeshakula sehemu kubwa. Ukirudisha WhatsApp yenye magrupu ya miaka minne, video za harusi, na zile picha za "asubuhi njema", simu inajaa siku ya kwanza. Hifadhi ya simu ikikaribia kujaa huwa nzito, kwa sababu haiwezi kuandika kitu kipya mpaka kwanza ipange na kufuta vipande vya zamani. Simu inaanza kuganda, kamera inachelewa kufunguka, ujumbe unachelewa kutoka. Ukiibadilisha kwa nyingine ya GB 32 na kurudisha kila kitu, umejipa tena simu iliyojaa.

Namna ya kupima ni nyepesi. Kwenye simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka chaguo la kuzima litokee, kisha kandamiza chaguo hilo bila kuliachia hadi simu ikuulize kama unataka kuwasha kwa hali salama. Ukikubali, itawaka na maneno ya hali salama pembeni mwa kioo, na programu zote ulizopakua mwenyewe zitakuwa zimelala. Itumie hivyo kwa muda ambao kawaida tatizo lingekuwa limeshajitokeza. Likitoweka, mhusika ni programu uliyoiweka wewe, na unaweza kuzifuta moja moja kuanzia ile ya karibuni. Likibaki, programu zako nyingi zimeshasafishwa na shutuma.

iPhone haina hali hiyo. Huko, na hata kwenye Android ukitaka uhakika kamili, kipimo chenye nguvu ni kuianza simu kama mpya bila kurejesha bekapu. Hapa ndipo watu husita, kwa sababu wanaogopa kupoteza mazungumzo. Hofu hiyo ina dawa: bekapu ya WhatsApp ni kitu cha peke yake. Unaweza kuikataa bekapu ya simu nzima, ukaweka WhatsApp tu na kurejesha mazungumzo yake, tena ukaacha video. Majina ya watu nayo, kama yamehifadhiwa kwenye akaunti, yatarudi yenyewe. Ila kabla hujaifuta simu ya Android, hakikisha unalikumbuka neno la siri la akaunti ya Google iliyomo. Ukilisahau, simu itakufungia nje kwa sababu imeundwa kumzuia mwizi, na haijui kama wewe si mwizi. Nimeona watu wakimlipa fundi zaidi kwa shida hiyo kuliko ambavyo wangelipa kwa tatizo la kwanza.

Chaja, waya na umeme wa nyumbani

Kuna lalamiko moja ambalo mafundi hulisikia kila wiki: "tachi inajibonyeza yenyewe." Kioo kinabadilishwa. Linarudi. Simu inabadilishwa. Linarudi.

Lijaribu hivi. Chomeka chaja, fungua sehemu ya kuandika ujumbe, andika sentensi. Herufi zinajiandika, ukurasa unapanda na kushuka, kidole kikigusa "a" inatokea "p". Sasa chomoa chaja huku simu umeishika vile vile, uandike sentensi ile ile. Imetulia. Chomeka tena, inaruka tena. Hapo tayari unajua kwamba kioo hakina kosa. Tachi ya simu hufanya kazi kwa kupima mabadiliko madogo mno ya umeme pale kidole kinapokaribia. Chaja ya bei poa iliyopunguziwa vipuri vya kuchuja hupitisha vurugu za umeme hadi ndani ya simu, na tachi inashindwa kutofautisha vurugu hizo na kidole. Azima chaja ya uhakika ya jirani, rudia jaribio. Kama kioo kimetulia, ibebe chaja yako uitupe, na sisemi hivyo kwa ajili ya tachi tu: ndani ya kijisanduku kile, umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 umetenganishwa na volti 5 za simu yako kwa kizuizi chembamba, na chaja feki hubana matumizi hapo hapo.

Waya nao una lawama zake. Waya mrefu wenye shaba nyembamba hupoteza volti njiani, na simu inayotaka kuchaji haraka huulizana kwanza na chaja kabla ya kukubali nguvu kubwa. Wasipoelewana, hurudi kwenye mwendo wa kawaida. Mteja anasema simu ya pili nayo "haipandi chaji", na kumbe waya ni ule ule uliokunjwa kwenye mlango wa gari tangu mwaka juzi. Kabla ya kulaumu waya, angalia pia tundu la chaji kwa tochi: nyuzi za mfukoni hujikusanya humo zikagandamizwa zikawa kama kitambaa, na waya hauingii hadi mwisho. Zitolewe kwa kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa, wala si kwa sindano.

Joto ndilo lisilosemwa vya kutosha. Apple huandika kwamba iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Mwezi wa Februari Dar es Salaam au Mombasa kivuli peke yake kinakaribia kikomo hicho, sembuse dashibodi ya gari lililofungwa vioo, au simu inayochajiwa chini ya mto. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi na mwangaza, huacha kuchaji, na ikizidi hujizima. Inajilinda. Kama kila simu unayopewa inajizima saa nane mchana na kamwe haijizimi usiku, usianze na bodi. Anza na jua.

Laini, mnara na memori kadi

Simu haitumii nguvu ile ile wakati wote. Ikiwa karibu na mnara hunong'ona. Ikiwa mbali hupaza sauti. Kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kufikia wati 2 kwa mipigo mifupi mifupi, na kwenye 4G kikomo cha kawaida ni takriban wati 0.2. Mtu aliyehamia nyumba yenye kuta nene au bondeni, ambako simu inahangaika kati ya 2G na 4G usiku kucha, atakuta chaji imeshuka asubuhi hata kama hakuigusa. Akibadilishiwa simu mara tano, mnara haujasogea hata hatua moja.

Kipimo: usiku mmoja iache simu hivi hivi, andika asilimia ukilala na ukiamka. Usiku wa pili iweke hali ya ndegeni, andika tena. Tofauti ikiwa kubwa, mtandao ndio unaonyonya. Kama una laini mbili, usiku wa tatu toa moja. Laini ambayo kampuni yake haishiki vizuri pale unapoishi inaweza kuitafutia simu kazi usiku mzima hata kama hupigi nayo.

Laini yenyewe kama kipande cha plastiki nayo ichunguzwe, hasa kwa wenye namba za zamani. Wengi bado wana laini iliyokatwa kwa mkasi au kikatio kutoka umbo kubwa kuwa nano, lile umbo dogo la simu za sasa. Urefu na upana vinapungua, lakini unene haupungui: laini za zamani zina unene wa milimita 0.76, nano halisi ni milimita 0.67. Tofauti hiyo ndogo inatosha kubana kwenye trei na kuvipinda vile vijino vya dhahabu vinavyoigusa laini. Simu inasema "hakuna laini", ukiitoa na kuirudisha inakubali, kesho inakataa tena. Simu mpya ikipokea laini ile ile, nayo inaumizwa vijino vyake. Nenda kwa mtandao wako na kitambulisho, omba laini mpya kwa namba ile ile.

Memori kadi feki huandikwa GB 128 wakati ndani yake pana nafasi ndogo mno. Ikijaa huanza kuandika juu ya picha za zamani, na simu huganda ikijaribu kuzisoma. Itoe, tumia simu siku mbili bila kadi, utajua.

Vinavyovaliwa na simu, na mahali inapofanyia kazi

Kava lenye mfuniko wa sumaku huzima kioo kwa makusudi: ndani ya simu kuna kihisi kinachoitambua sumaku ya mfuniko. Kava la toleo jingine likilazimishwa, sumaku inakaa mahali pasipo pake na kioo kinazimika katikati ya mazungumzo. Sumaku hiyo hiyo huipotosha dira, ramani ikaonyesha unaelekea Ubungo wakati unaelekea Posta. Protekta nene au ya rangi ikifunika kihisi cha juu ya kioo, kioo kitabaki cheusi baada ya kupokea simu kama vile bado kipo sikioni. Vua kava, bandua protekta, jaribu.

Waendesha bodaboda wanaoifunga simu kwenye usukani wana lao, na ni la kweli. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari rasmi kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki kubwa, inayopitia kwenye usukani, inaweza kuharibu mitambo midogo ya kamera inayotuliza picha na kulenga, na kwamba hata kwa vyombo vyenye injini ndogo ni vyema kutumia kishikio kinachopunguza mitetemo. Kijana anayebeba abiria kuanzia alfajiri hadi usiku akilalamika kwamba kamera ya simu ya pili nayo imeanza kutetemeka na kutoa picha zenye ukungu, hana mkosi na wala hajauziwa feki. Kishikio ndicho hakijabadilika. Nasikitika kwamba vishikio vya chuma kavu ndivyo vinavyouzwa kwa wingi vijiweni, kwa watu ambao simu ndiyo kazi yao.

Na kisa ambacho hunikumbusha kila mara kutokucheka lalamiko la mteja ni cha hospitali ya Morris, karibu na Chicago. Oktoba 2018 iPhone na saa za Apple zipatazo 40 za wafanyakazi na wagonjwa zilikufa karibu kwa wakati mmoja. Haziwaki, hazichaji. Simu za Android katika jengo hilo hilo zilikuwa salama salimini. Siku ile kulikuwa kunafungwa mashine mpya ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, na wa kwanza kushukiwa ulikuwa mwale wa sumaku. Haukuwa wenyewe. Mashine hiyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na gesi yake ilikuwa imevuja na kuingia kwenye mfumo wa hewa wa jengo. iPhone za wakati huo zilitumia kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka ndani ya kichemba kisicho na hewa ili kuhesabu muda. Watengenezaji wengine wengi walitumia kipande cha jiwe la kwatzi kwa kazi hiyo. Atomi za heliamu ni ndogo kiasi cha kupenya kwenye kichemba hicho na kuyavuruga mapigo. Bila mapigo ya saa, simu haiwezi kufanya lolote. Siku chache baadaye gesi ilipotoka, nyingi zilifufuka bila kuguswa na fundi. Mwongozo wa iPhone wenyewe ulikuwa umeitaja heliamu kwa jina.

Sisemi kwamba nyumbani kwako kuna heliamu. Nasema mahali ni sehemu ya uchunguzi. Anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi, au kwenye mashua, simu yake inavuta unyevu wenye chumvi kila siku, na chumvi hula miguso ya tundu la chaji pole pole. Muulize mteja anafanya kazi gani kabla ya kumuuliza ameiangusha lini.

Inapokuwa ni simu kweli

Sasa upande wa pili, kwa sababu haki ya mnunuzi iko huko. Kuna nyakati simu zote ulizopewa ni mbovu, na mfano mkubwa kuliko yote ni Samsung Galaxy Note 7. Ilianza kuuzwa 19 Agosti 2016. Tarehe 2 Septemba kampuni ilitangaza kuzirudisha simu milioni 2.5 baada ya betri kushika moto. Watu wakapewa mpya, zenye alama ya betri ya kijani kwenye kioo kuonyesha kwamba hizi ni salama. Tarehe 5 Oktoba mojawapo ya hizo mpya ilifuka moshi ndani ya ndege ya Southwest uwanjani Louisville, Kentucky, abiria wakashushwa. Siku chache baadaye utengenezaji ulisimamishwa moja kwa moja.

Ripoti ya Januari 2017 ilieleza kilichotokea, na ndicho kinachofanya kisa hiki kiwe na somo la kiufundi. Betri za awali na betri za simu za kubadilishia zilitoka kwa watengenezaji wawili tofauti na zilikuwa na kasoro mbili tofauti. Za kwanza, kona ya juu ilibanwa na tabaka za ndani zikapinda. Za pili, vipande vyenye ncha kali vilivyobaki kwenye sehemu za kuchomelea vilitoboa kizuizi cha ndani, na nyingine zilikosa utepe wa kuzuia umeme. Tatizo lile lile kwa macho, vyanzo viwili. Wateja waliosema "hata hii mpya inawaka moto" walikuwa sahihi kabisa.

Kwetu njia za kupokea simu zenye asili moja ni nyingine. Unaporudisha simu, unayopewa badala yake huenda si mpya: ni iliyorudishwa na mteja mwingine, ikapimwa dakika chache, isionyeshe kosa, ikafungwa upya. Kosa linalojitokeza mara moja kwa siku mbili halionekani kwa dakika chache. Simu zilizotumika zinazoingia kupitia Dubai nazo hubadilishwa betri na vioo njiani. Kwa iPhone yenye iOS 15.2 au zaidi, kwenye Mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu, kuna historia ya vipuri: kuanzia matoleo fulani itakuambia kama betri, kioo au kamera si halisi.

Kuna na uovu unaoingia kabla simu haijafika dukani. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Secure-D iliripoti kukuta programu hasidi za Triada na xHelper kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaandikisha watu kwa siri kwenye huduma za kulipia na kula salio lao. Watengenezaji walisema ziliingizwa na mshirika katika mnyororo wa ugavi, na marekebisho yalitolewa. Programu ya namna hiyo ikiwa ndani ya mfumo wenyewe, kuifuta simu irudi kama ilivyotoka kiwandani hakusaidii, kwa kuwa ilitoka nayo kiwandani. Hapo bando linaisha na salio linakatwa kwenye simu ya kwanza, ya pili na ya tatu ya toleo lile lile, hata kama hujapakua kitu.

Ndiyo maana namba ya IMEI, ile namba ya utambulisho ambayo kila simu ina yake, ni ya lazima. Bonyeza *#06#, linganisha na kasha na risiti. Tanzania, ukiituma kwa ujumbe kwenda 15090 utajibiwa hiyo IMEI ni ya simu gani. Huu ndio mfumo ambao TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliutumia kuzima simu bandia Juni 2016. Kisha fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: siku unapobadilishiwa, linganisha IMEI ya simu unayopokea na ya ile uliyorudisha. Zikifanana, hukubadilishiwa simu. Umerudishiwa yako ikiwa imefutwa vumbi.

Ukirudi dukani

Nenda na kumbukumbu. Tarehe, saa, simu ilikuwa kwenye chaji au la, ulikuwa nyumbani au kazini, programu gani ilikuwa wazi. Tatizo likitokea, lirekodi kwa simu ya mtu mwingine, huku kioo na saa vikionekana. Eleza ulichokwisha kuondoa: "nimetumia bila bekapu, kwa chaja mliyonipa nyinyi, bila kava, kwa laini mpya, na bado inajizima." Sentensi hiyo moja inamwondolea muuzaji visingizio vyote alivyozoea. Usimpe fundi wa nje aifungue kwanza, maana stika ikishachanika mjadala wa waranti umeisha. Betri ikiwa imevimba, acha majaribio, usiichaji tena, ipeleke siku hiyo hiyo.

Omba karatasi ya kupokelea yenye IMEI na maelezo ya tatizo kama ulivyolisema wewe, si "imeletwa kuangaliwa". Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na za Kenya zote zinataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora unaofaa kwa matumizi yake, na katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika. Tanzania, lalamiko la duka linalokataa linaweza kufikishwa Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama umeshapima yote haya, simu ikiwa tupu, na bado ya tatu inafanya kama ya kwanza, usipokee ya nne ya toleo lile lile. Omba toleo jingine, au fedha zako.